Wells na Safari ya Wakati

Herbert George Wells alizaliwa mwaka 1866 huko Bromley, Uingereza. Duka la babake halikuwa na faida, na mwishowe mamake akaenda kuwa msimamizi wa watumishi katika kasri la Uppark, ambako matajiri walistarehe juu na watumishi wakihangaika vyumba vya chini. Kijana mwenyewe alitiwa kazini katika duka la vitambaa, kazi aliyoichukia mno. Elimu ndiyo iliyomkomboa: mwaka 1884 alipata ufadhili wa kusomea sayansi London.

Mwaka 1888 jarida la chuo chake lilichapa hadithi yake fupi ya mtu aliyeunda chombo cha kusafiria katika wakati. Aliiandika upya mara kadhaa, hata mwaka 1895 ikawa riwaya, The Time Machine. Humo, wanadamu wa mwaka 802701 wamekwisha kugawanyika: wastarehevu juu ya ardhi, wafanyakazi chini yake, na wa chini huwala wa juu.

Wells alifariki mwaka 1946. Wengi humsifu kwa kuwaza yajayo, kumbe aliandika aliyoyaona. Basi nasi tujiulize: chini ya sakafu yetu yuko nani?