Mtu aliyeokoa masomo ya watoto maskini: Thaddeus Stevens (1792–1868)

Mara hii tunawaelezea maisha ya mtu mmoja wa Marekani aliyekuwa mjumbe wa watu kwa miaka mingi. Majina ya marais wa kule tunayajua katika somo la historia, lakini jina la Thaddeus Stevens wengi kati yetu hawajalisikia bado. Kumbe huyu alifanya kazi inayotugusa sisi wanafunzi.

Alizaliwa tarehe 4 Aprili 1792 katika jimbo la Vermont. Mguu wake mmoja ulikuwa umepindika, akachechemea maisha yake yote. Baba akaacha nyumba, akaenda zake, na mama akabaki na watoto wanne bila mali. Yule mama akakata shauri: akahama nao mpaka Peacham, sababu kule kulikuwa shule nzuri. Ndivyo Thaddeus alivyosoma mpaka akamaliza masomo ya juu ya Dartmouth mwaka 1814. Kisha akaenda jimbo la Pennsylvania, akawa avoka katika mji wa Gettysburg.

Tusifiche kosa lake. Mwaka 1821 mwanamke mtumwa, Charity Butler, aliomba uhuru mbele ya waamuzi. Stevens akasimama upande wa bwana wa yule mama, akashinda, na mama akarudishwa utumwani pamoja na watoto wake. Lakini baadaye Stevens aligeuka kabisa. Akawa mtetezi wa watumwa waliotoroka, na mpaka kufa kwake hakuacha kupigana na utumwa.

Mwaka 1833 alichaguliwa kuingia Baraza la Wajumbe la Pennsylvania. Zamani zile, mzazi aliyekosa feza za masomo alipaswa kwanza kuandikwa katika orodha ya maskini, ndipo serikali imlipie mtoto wake. Wazazi wengi waliona haya, wakaacha watoto nyumbani. Basi mwaka 1834 ikatoka sheria mpya: shule ziwe za watoto wote, na zilipwe kwa kodi ya watu wote. Wenye mashamba wakakasirika. Wakauliza sababu gani walipe kodi juu ya watoto wa wengine. Maelfu wakatia sahihi kuomba sheria iondolewe. Wajumbe wengi walioikubali wakaangushwa katika uchaguzi, na mwaka 1835 Seneti ya jimbo ikapiga kura kuiondosha.

Ilibaki kura ya Baraza la Wajumbe tu. Stevens hakuwa na mke wala mtoto. Gavana aliyeitetea ile sheria alikuwa wa chama kingine, na watu wengi wa kwake hawakuitaka. Angeweza kunyamaza tu. Lakini tarehe 11 Aprili 1835 alisimama akasema kwa nguvu. Akawaonyesha kama mtu hulipa kodi ya gereza hata kama yeye si mwizi. Basi kwa nini asilipe kodi ya shule, ambayo inazuia wizi? Akawaeleza pia kama kuandika watoto katika orodha ya maskini ni kuwatia alama ya haya. Wajumbe waliokuja na shauri la kuiondosha wakageuka, na sheria ikabaki.

Miaka michache nyuma, katiba mpya ya Pennsylvania ikawanyima watu weusi haki ya kupiga kura. Stevens alikuwa kati ya watungaji wake, lakini akakataa kutia sahihi.

Mwaka 1849 aliingia Baraza kubwa la taifa huko Washington, akatoka mwaka 1853, akarudi mwaka 1859 mpaka kufa. Wakati wa vita ya Kaskazini na Kusini, yeye alisimamia kamati iliyotafuta feza za serikali. Mwaka 1865 utumwa ukaondolewa katika katiba, na yeye alikuwa kati ya waliosukuma sana ile kazi. Uzeeni, miguu ilipochoka, watu walimbeba kwa kiti mpaka barazani.

Alikufa tarehe 11 Agosti 1868. Alizikwa mjini Lancaster katika makaburi madogo aliyoyachagua mwenyewe, kwa kuwa makaburi mengine yalikataa watu weusi. Katika wasia wake aliacha feza kwa ajili ya yatima, bila ubaguzi wa rangi. Kutoka hapo shule ya ufundi ilianzishwa mwaka 1905, na ingaliko hata leo kwa jina lake.

Wandugu, kila mmoja wetu anajua namna wazazi wanavyohangaika kutafuta minervali. Hivyo tunaweza kufahamu uzito wa kura ile moja ya mwaka 1835. Sheria nzuri inaweza kutungwa leo na kuvunjwa kesho, kama hakuna mtu wa kusimama. Na aliyesimama siku ile alikuwa mtoto wa mama maskini, aliyehama juu ya masomo ya watoto wake.