Al-Habib Swaleh wa Lamu na Chuo cha Riyadha

 

Ndugu wanafunzi na wazazi wetu, wako miongoni mwenu wanaotamani kuwa waalimu na siku moja kusimamisha chuo chao wenyewe. Kwa ajili yao mwaka huu tumemchagua Al-Habib Swaleh bin Alawi Jamalulleyl, Mwenyezi Mungu amrehemu. Chuo chake hakikuanza kwa jengo, wala fedha, wala ridhaa ya wakubwa wa mji. Kilianza kwa wanafunzi waliokuwa hawana wa kuwasomesha.

Alizaliwa Ngazija, katika visiwa vya Komoro, katikati ya karne ya 19. Alikuwa sharifu, wa ukoo ambao asili yake ni Hadhramaut. Akiwa kijana alikwenda Lamu kwa ami yake, Sayyid Ali bin Abdallah, na huko akasoma dini na tiba. Lamu ya siku hizo ilikuwa na wanavyuoni wakubwa, akiwemo Sayyid Mansab, kadhi na mshairi. Kijana mwenye nasaba kama ile angeweza kukaa kwa raha miongoni mwa watu wa heshima, akapewa nafasi ya mbele msikitini, yakaisha.

Lakini tuutazame mji wenyewe. Wenye mji walikaa kwenye nyumba za mawe upande wa Mkomani. Wageni na wanyonge walikuwa Langoni, na watumwa walifanya kazi majumbani na mashambani. Mtumwa aliswali na kufunga kama Waislamu wengine, ila kukaa darasani akasoma fiqhi na nahau, hayo yalihesabiwa kuwa ni ya waungwana. Habib Swaleh alihamia pembezoni mwa mji, akakaa katika kibanda cha udongo na makuti, akawasomesha watu hao. Tiba yake nayo aliitumia kwao.

Wenye mji walichukizwa. Sisi tunaona ugomvi ule haukuwa wa kielimu, maana hakuna aya wala hadithi inayomzuia mtumwa kusoma dini yake. Walichokihofia ni kwamba mtu aliyesoma kitabu kile kile alichosoma bwana wake hawezi tena kudharauliwa kirahisi. Mwaka 1907 sheria ilikomesha utumwa katika pwani ya Kenya, lakini sheria haimfundishi mtu kusoma. Wanafunzi wa Habib walikuwa wamekwisha kuanza miaka mingi kabla.

Mwanzoni mwa karne ya 20 darasa za kibandani zikapata msikiti na chuo. Jina la Riyadha lilitokana na msikiti wa Seiwun, Hadhramaut, wa Al-Habib Ali bin Muhammad Al-Habshi (aliyefariki 1915), ambaye waliandikiana barua. Kutoka kwake yalikuja pia maulidi ya Simtud-Durar, yakasomwa Riyadha kwa dufu, na hapo lawama zikazidi. Wanavyuoni wamekhitalifiana juu ya jambo hilo hadi leo, wala si lengo letu kuliamua katika kurasa hizi.

Linalotuhusu zaidi ni namna chuo kilivyosimama bila ya serikali wala tajiri mmoja wa kukiamrisha. Jawabu ni wakfu. Kitu kikishawekwa wakfu hakiuzwi wala hakirithiwi, na mwenye kukitoa hana tena haki ya kukidai akikasirika. Hata vitabu vilitolewa hivyo: katika miswada ya kale ya Riyadha kuna iliyoandikwa kuwa ni wakfu kwa ajili ya wenye kutafuta elimu. Mwanafunzi asiye na kitu alikipata kitabu, na baada yake akakipata mwengine.

Habari za chuo zikaenea nje ya kisiwa. Walikuja Wapokomo kutoka Mto Tana, na wengine kutoka sehemu nyingi za pwani, wakarudi kwao kusomesha.

Habib Swaleh alifariki mwaka 1354 H, akazikwa Lamu. Wanawe, Sayyid Ahmad Badawy na Sayyid Idarus, waliendeleza kazi yake, na darasa za Riyadha hazikukatika.