MAISHA YA ASKOFU SAMUEL AJAYI CROWTHER

Wazee wetu na wanachama mliozoea kuisoma taarifa hii mnajua ya kuwa, baada ya kurasa za hesabu, hutengwa nafasi kwa habari za mtu mmoja mashuhuri aliyekwisha kufariki zamani. Safari hii tumemchagua Samuel Ajayi Crowther wa Nigeria, Mwafrika wa kwanza kufanywa askofu wa Kanisa la Kiingereza. Hatukumchagua kwa ajili ya dini yake, maana miongoni mwetu wamo watu wa dini mbalimbali. Tumemchagua kwa kuwa maisha yake yaonyesha wazi jinsi kazi ya mtu iwezavyo kusifiwa miaka mingi, kisha mwenyewe akahukumiwa kwa ngozi yake.

Ajayi alizaliwa yapata mwaka 1809 katika mji wa Osogun, nchi ya Wayoruba. Mwaka 1821 mji ulishambuliwa ukachomwa moto, naye akatekwa pamoja na mama yake na ndugu zake, wakatenganishwa. Mara ya kwanza alibadilishwa kwa farasi. Mwenye kumchukua asiporidhika na farasi yule, kijana akarudishwa kama bidhaa mbovu irudishwavyo dukani. Aliuzwa tena na tena mpaka akafikishwa pwani, akapakiwa katika jahazi la Wareno. Mwezi wa Aprili, 1822, manowari ya Kiingereza ililikamata jahazi lile, na mateka wakapelekwa Freetown, Sierra Leone, kuwa watu huru. Wazee wa Mombasa watakumbuka kwamba Frere Town yetu ilianzishwa mwaka 1875 kwa watu wa namna hiyo hiyo.

Huko Freetown alisoma kwa bidii, akabatizwa mwaka 1825, na mwaka 1827 akawa miongoni mwa wanafunzi wa kwanza wa chuo cha Fourah Bay. Alioa msichana aliyeokolewa pamoja naye katika jahazi lile lile. Mwaka 1841 alikwenda na msafara wa Waingereza kuupanda mto Niger. Homa iliwashika Wazungu karibu wote, na zaidi ya 40 wakafa. Jambo hilo lafaa kukumbukwa sana, kwani ndilo lililofungua mlango: wakuu wa misheni ya C.M.S. huko London waliona ya kuwa kazi ya nchi zile haiwezi kufanywa ila na Waafrika wenyewe. Crowther akapewa ukasisi mwaka 1843. Mwaka 1846, huko Abeokuta, alikutana na mama yake, baada ya miaka 25 ya kutoonana. Aliandika sarufi na kamusi ya Kiyoruba, akatafsiri sehemu kubwa ya Biblia, na mwaka 1851 alifika mbele ya Malkia Victoria kumweleza habari za nchi yake.

Tarehe 29 Juni, 1864, alisimikwa kuwa askofu katika kanisa kuu la Canterbury, na chuo kikuu cha Oxford kikampa shahada ya heshima. Aliyesukuma jambo hili alikuwa Bwana Henry Venn, katibu wa C.M.S. Lakini mwaka uliotangulia, mtu mmoja aliyeitwa James Hunt alikuwa ameanzisha chama cha wataalamu huko London, akihubiri ya kwamba Mwafrika ni wa daraja la chini kwa maumbile yake. Naye Henry Townsend, mmisionari wa siku nyingi wa Abeokuta, alikuwa amepinga kabisa Wazungu kuwekwa chini ya askofu mweusi. Kwa hiyo Crowther alipewa eneo la mto Niger na nchi za mbali, lakini Abeokuta na Lagos, walikokuwa wamisionari wa Kizungu, hazikutiwa mikononi mwake. Hivyo hata siku ya heshima yake mpaka ulichorwa.

Alifanya kazi Niger miaka 27, na wasaidizi wake wote walikuwa Waafrika, wengi wao kutoka Sierra Leone. Eneo lilikuwa kubwa mno, fedha haba, na kwa usafiri alitegemea meli za wafanya biashara. Baadhi ya wasaidizi walifanya biashara pembeni, na wengine walikutwa na makosa mazito kweli. Hatuna haja ya kuyaficha. Bwana Venn alikufa mwaka 1873. Dawa ya kwinini ilikuwa imekwisha kuipunguza homa, na baada ya mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885 mataifa ya Ulaya yaligawana nchi. Mto uliokuwa kaburi la Mzungu ukawa mahali pa kutafutia cheo.

Mwezi wa Agosti, 1890, kamati ya fedha ilikutana Onitsha. Crowther, mzee wa miaka 80 na zaidi, ndiye aliyeketi kitini. Mbele yake vijana wa Kizungu waliofika juzi juzi waliwashtaki makasisi wake mmoja mmoja, na katibu wa kamati akatangaza ya kuwa kadhaa wameondolewa kazini, akiwemo Dandeson, mwana wa askofu. Mmoja wa vijana hao, Graham Wilmot Brooke, alikuwa na umri wa miaka kama 25. Mzee aliuliza kama katibu ana uwezo wa kumwondoa kasisi mbele ya askofu wake. Jibu lilipokuwa lile lile, alijiuzulu katika kamati.

Sisi tuliozoea kamati twajua ya kuwa karani au mweka hazina mwenye kosa huitwa, huonyeshwa vitabu, hujitetea, kisha huhukumiwa yeye kwa jina lake. Mzungu aliyekosa katika Niger alihesabiwa mkosaji mmoja, na kosa lake halikumgusa jirani yake. Mwafrika alipokosa, ilisemwa ya kuwa Waafrika hawafai kutawala. Na tusijidanganye kwamba mizani hiyo ni ya Wazungu peke yao, kwani hata katika mikutano yetu mtu wa kabila fulani akipoteza shilingi, utasikia kabila zima likitajwa.

Crowther alikufa Lagos tarehe 31 Desemba, 1891. Mahali pake paliwekwa Mzungu, na Waafrika waliofuata walifanywa maaskofu wasaidizi tu. Makanisa ya Delta ya Niger hayakukubali. Mwaka 1892, wakiongozwa na Dandeson, yalianza kujitegemea kwa fedha na makasisi wao wenyewe. Ilipita yapata miaka 60 kabla Mwafrika mwingine katika Nigeria hajakabidhiwa dayosisi yake mwenyewe. Kwetu Kenya, Festo Olang' na Obadiah Kariuki walisimikwa mwaka 1955, nao pia kwanza wakiwa wasaidizi. Mwaka 2014, katika kanisa lile lile la Canterbury, Askofu Mkuu Justin Welby aliomba radhi mbele ya watu kwa yale aliyotendewa Crowther.