Bibi Elion na Dawa ya Virusi

Ndugu msomaji, huenda umewahi kumwona mtu mwenye mkanda wa jeshi. Malengelenge humtoka upande mmoja wa mwili, nayo huuma kama moto. Ugonjwa huo huletwa na virusi. Zamani madaktari hawakuwa na dawa nzuri ya kuvizuia. Leo dawa ipo. Soma habari za mwanamke aliyeshiriki kuipata.

Gertrude Elion alizaliwa mwaka 1918 katika mji wa New York, Marekani. Alipokuwa na umri wa miaka 15, babu yake alikufa kwa saratani. Gertrude alimpenda sana babu yake. Akaazimia kutafuta dawa.

Alisoma kemia katika chuo kisichotoza ada, akamaliza mwaka 1937. Alipoomba kazi ya maabara alikataliwa kwa kuwa ni mwanamke. Hakukata tamaa. Kwa muda alifanya kazi bila mshahara. Baadaye alifundisha shule mchana, na usiku akafanya utafiti wake. Mwaka 1944 aliajiriwa na kampuni ya dawa, akawa msaidizi wa Bwana George Hitchings. Jioni aliendelea na masomo ya juu, mpaka chuo kikamtaka achague: kazi au masomo. Alichagua kazi.

Je, kirusi huongezekaje? Kirusi ni kidogo mno, hakionekani kwa macho. Hujipenyeza ndani ya chembe hai za mwili, na humo hutengeneza nakala zake nyingi. Kila nakala ya kirusi cha mkanda wa jeshi huhitaji DNA. Hiyo ni kama mnyororo mwembamba wenye maagizo ya uhai. Kirusi hicho kina vyombo vyake vya kuunga mnyororo huo. Vyombo hivyo ni protini, navyo huitwa vimeng'enya.

Bibi Elion na wenzake walipata dawa iitwayo asikloviri. Wakachunguza jinsi vimeng'enya hivyo vinavyoishughulikia. Dawa hiyo hufanana na pingili ya mnyororo, lakini ina upungufu. Kimeng'enya kimoja cha kirusi huiamsha. Kimeng'enya kingine huichukua na kuiunga katika mnyororo. Hapo kazi husimama, maana pingili inayofuata haina pa kushika. Chembe zisizo na virusi huiamsha kidogo sana, kwa hiyo husalimika. Mchimba kisima huingia mwenyewe!

Walieleza siri hiyo mwaka 1977. Mwaka 1982 dawa iliruhusiwa kutumika Marekani. Haiviondoi virusi vyote mwilini, lakini huvizuia visiongezeke.

Bibi Elion alisaidia pia kupata dawa ya saratani ya damu. Mwaka 1988 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Bwana Hitchings na Bwana James Black wa Uingereza. Alifariki mwaka 1999.

Ndugu msomaji, wewe pia unasoma baada ya kazi za mchana. Usione haya. Na ukiona dalili za mkanda wa jeshi, nenda zahanati upesi. Dawa hufaa zaidi ikianzwa kabla ya siku 3 kupita.

Maswali
1. Kwa nini Bibi Elion alikataliwa kazi?
2. Dawa ya asikloviri huzuiaje virusi?
3. Kwa nini mgonjwa asichelewe kwenda zahanati?