Phillip Omondi, jina la Kijaluo ndani ya jezi ya Uganda

Anayeingia Kampala na mzigo kutoka Busia au Malaba hupita soko la Nakawa, kisha Lugogo, kilima cha Naguru kikiwa upande wake wa kulia. Uwanja wa mpira ulio hapo Lugogo unaitwa kwa jina la Phillip Omondi. Kwa Kijaluo, Omondi ni mtoto wa kiume aliyezaliwa alfajiri.

Timu yake, KCC, ilianzishwa mwaka 1963 na wafanyakazi wa idara ya majitaka ya manispaa. Chini ya kocha Jaberi Bidandi Ssali, aliyewaamini vijana kuliko majina makubwa, klabu hiyo ilitwaa ubingwa wa Uganda mwaka 1976, ikaurudia 1977. Omondi, mzaliwa wa 1957, ndiye aliyekuwa mfungaji wao wa kutegemewa.

Mwaka huo wa 1976 haukuwa mwepesi kwa mtu mwenye jina kama lake. Februari, Idi Amin alidai sehemu ya magharibi ya Kenya kuwa ni ya Uganda. Julai, baada ya Waisraeli kuvamia Entebbe, Wakenya waliokuwa wakiishi Uganda waliuawa. Hapo Naguru kulikuwa na makao ya kikosi cha polisi kilichoogopwa mno, kwani wengi waliopelekwa humo hawakutoka. Mwaka uliofuata Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Mpira haukuzuia lolote kati ya hayo, lakini uwanjani watu waliendelea kumshangilia Omondi.

Machi 1978 timu ya taifa, ikifundishwa na Peter Okee, ilikwenda Ghana kwa Kombe la Mataifa ya Afrika. Iliifunga Kongo 3-1, ikafungwa na Tunisia kwa idadi hiyohiyo, kisha ikaichapa Morocco 3-0. Kwenye nusu fainali mjini Kumasi, Nigeria walisawazisha, na dakika chache baadaye Omondi akapachika bao la ushindi, 2-1. Fainali ya Accra ilikwisha kwa Ghana kushinda 2-0. Omondi alimaliza na mabao 3, sawa na Segun Odegbami wa Nigeria na Opoku Afriyie wa Ghana, na hakuna waliofunga zaidi yao. Uganda ilikuja kurudi kwenye mashindano hayo mwaka 2017.

Baadaye alicheza Sharjah, kule ambako leo wengi hufuata vipuri na magari. Fedha ilikuwepo, lakini alirejea KCC, akacheza, na alipotundika daluga akageuka mwalimu wa vijana waliovaa jezi aliyoivaa yeye.

Alifariki mwaka 1999, umri ukiwa miaka 40 na ushei. Nyumba za zamani za wafanyakazi za Naguru na Nakawa, walimoishi Waganda, Wajaluo, Waacholi na wengine ukuta kwa ukuta, zilibomolewa mwaka 2011. Uwanja upo, na KCCA, warithi wa KCC, bado wanauchezea.