Santos-Dumont, mutu aliyeachia saa jina lake

Siku hizi wafanyabiashara wa saa za bei kali, kule Paris na Genève, wanashindana kwa kitu kimoja: sura ya zamani, mashine ya leo. Watu wa sape wanaijua moja kati ya hizo saa tangu mbali, ile ya Cartier yenye uso wa mraba na vise zinazoonekana inje. Inaitwa Santos. Wengine wanafikiri ni jina la mji wa Brazili. Ni jina la mutu, na mutu mwenyewe hakuwa hata fundi wa saa.

Alberto Santos-Dumont alizaliwa tarehe 20 Julai 1873 huko Minas Gerais, inchi ya Brazili. Baba yake alikuwa tajiri wa kahawa, na kwenye mashamba yake mtoto alijifunza mapema kuendesha mashine za mvuke. Mwaka 1892 akaenda kuishi Paris, akiwa na fungu la mali alilopewa na baba.

Kule njo alianza kujenga maputo marefu ya hidrojeni, na chini yake anafunga motere ya petroli. Moto chini ya gesi inayowaka! Leo hakuna kampuni ya bima ingekubali. Mwezi wa Agosti 1901 puto lake la tano liligonga paa la hoteli moja upande wa Trocadéro, likapasuka, naye akabaki ananing'inia mpaka wazima-moto wakamushusha.

Tarehe 19 Oktoba akajaribu tena na puto la sita. Sharti la mashindano lilikuwa kutoka Saint-Cloud, kuzunguka mnara wa Eiffel na kurudi, kilometa 11, ndani ya dakika 30. Alipita mstari kabla ya muda kuisha, lakini puto likachelewa kukamatwa ku kamba, na wakubwa wa mashindano wakaanza kubishana juu ya ile dakika. Watu wa Paris wakakasirika, na mwishoni akapewa zawadi: faranga 100.000. Sehemu akawapa wafundi wake, ingine ikaenda kwa maskini wa mji, hata kukomboa vyombo vya kazi ambavyo wafanyakazi walikuwa wameviweka rehani.

Inasimuliwa kwamba alimulalamikia rafiki yake Louis Cartier juu ya saa. Mikono yote miwili iko kazini, kamba huku, usukani huku, na saa iko mufukoni na mnyororo wake. Utaiangalia namna gani? Mwaka 1904 Cartier akamutengenezea saa bapa ya mraba, yenye mkanda wa ngozi. Wakati ule saa ya mkono ilihesabiwa kuwa pambo la wanawake, lakini Santos alikuwa mutu wa kuigwa: hata kofia yake na kola yake ndefu watu waliziiga. Tangu 1911 Cartier ikaiuza kwa kila mwenye makuta. Ilirudi mwaka 1978 kwa chuma na dhahabu, ikarudi tena 2018 na mkanda unaobadilishwa pasipo chombo. Vise bado ziko palepale.

Tunapenda kukumbusha kwamba yeye mwenyewe hakuuza. Tarehe 12 Novemba 1906, huko Bagatelle, ndege yake 14-bis iliruka metre 220 mbele ya watu. Kisha akajenga ndege ndogo nyepesi, Demoiselle, na ramani zake akaziachia watu bure: anayetaka ajenge.

Lakini mwaka 1910 ugonjwa ukamushika na akaacha kuruka. Halafu vita ikaja, na ndege zikaanza kutupa mabomu. Ile ilimuumiza sana. Mwaka 1926 aliomba Shirika la Mataifa likataze ndege kutumiwa kama silaha. Hawakukataza.

Julai 1932, São Paulo iliasi serikali ya Brazili, na ndege za serikali zikatumwa kupiga waasi, Wabrazili kwa Wabrazili. Santos-Dumont alikuwa Guarujá, pwani ya jimbo lile. Tarehe 23 alijiua, akiwa na miaka 59. Mwezi ule ule mji wa Palmira, kule alikozaliwa, ulibadilishwa jina, na mpaka leo unaitwa Santos Dumont.