Bibi Jeanne Power na Pweza Mwenye Nyumba

Wasomaji wa gazeti letu wamezoea kuletewa habari za wafalme, wasafiri na majemadari. Safari hii nimemwomba Mhariri nafasi niwasimulie habari za bibi mmoja mshona nguo, ambaye aliwaonyesha wataalamu wa Ulaya jinsi ya kumweka pweza ndani ya tangi la kioo na kumtazama angali hai. Jina lake ni Jeanne Villepreux-Power.

Alizaliwa mwaka 1794 katika Juillac, kijiji cha Ufaransa kilicho mbali na bahari. Kusoma na kuandika alijua, lakini chuo kikuu hakukiona, na katika siku zile hata angalikuwa na fedha asingalipokewa, maana alikuwa mwanamke. Alipotimiza miaka 18 alikwenda Paris kutafuta kazi, naye aliifanya safari hiyo ya zaidi ya kilomita 400 kwa miguu. Wale miongoni mwetu wanaonung'unika kutembea kutoka kituo cha basi mpaka bwenini na waihesabu safari hiyo.

Huko Paris aliingia kazini kwa mshonaji, akawa fundi hodari wa kutarizi. Mwaka 1816 alitarizi gauni la arusi la binti mfalme Maria Carolina, aliyeolewa na Mtawala wa Berry, mtu wa ukoo wa mfalme wa Ufaransa. Kazi hiyo ilimpatia sifa. Kisha akakutana na mfanyabiashara tajiri aitwaye James Power, wakaoana mwaka 1818 katika mji wa Messina, kisiwani Sicily, wakakaa huko zaidi ya miaka 20.

Sasa alikuwa mke wa tajiri, na angaliweza kukaa barazani akapepewa. Lakini yeye alianza kujifundisha mwenyewe elimu ya viumbe. Alizunguka kisiwa akikusanya mimea, vipepeo, mawe na makombe ya baharini. Na Messina ni mahali pa ajabu kwa mtu wa namna hiyo, kwa sababu mji uko kando ya mlango mwembamba wa bahari wenye mikondo yenye nguvu, na mikondo hiyo huwaleta juu viumbe wa vilindini ambao kwingine hawaonekani kwa urahisi.

Hapo ndipo alipokutana na agonauti. Huyu ni pweza wa bahari za joto, na Bahari ya Hindi yetu imo. Ana minyiri minane kama pweza tunayemjua, lakini jike hukaa ndani ya kombe jeupe, jepesi, jembamba kama karatasi, na humo ndimo anamochukua mayai yake. Minyiri miwili kati ya ile minane imepanuka ikawa na ngozi pana. Aristotle, mtaalamu wa Wayunani wa kale, alisema kwamba pweza huyu hutandaza ngozi zile juu ya maji kama matanga akasafiri kwa upepo, na watu waliendelea kuamini hivyo kwa miaka zaidi ya 2000.

Shauri kubwa zaidi lilikuwa juu ya lile kombe. Je, ni lake mwenyewe, au amelinyang'anya? Konokono ameshikamana na nyumba yake kwa mwili, huwezi kumtoa bila kumwumiza. Agonauti hakushikamana na kombe lake mahali popote, naye aweza kutoka. Basi wakubwa wengi wa elimu, pamoja na Bwana de Blainville wa Paris, walisema kwamba huyu ni mwizi tu, sawasawa na yule kaa mdogo anayejiingiza katika kombe tupu la konokono aliyekufa.

Nataka wasomaji waangalie jinsi ubishi huo ulivyokuwa ukiendeshwa. Mabwana wale walikuwa na agonauti waliokwisha kufa, wametiwa ndani ya chupa za dawa. Katika chumba chetu cha sayansi yumo pweza wa namna hiyo. Amekuwa mweupe kama utumbo uliochemshwa, na wenzangu waliozaliwa upande wa ziwa hawajapata kumwona mwingine. Twaweza kuihesabu minyiri yake kwa ajili ya mtihani, lakini hata tukimtazama mwaka mzima hatatuambia alikuwa akifanya nini siku zake zote. Bibi Power aliona kwamba jibu halimo chupani.

Lakini pweza si kuku. Hana mfupa hata mmoja, kwa hiyo hupenya katika tundu ambalo hungedhani lingempitisha paka mchanga. Maji yakichafuka hufa, na njaa haiwezi. Bibi Power alianza kazi mwaka 1832, akatengeneza vyombo vya namna tatu. Cha kwanza kilikuwa tangi la kioo, akaliweka nyumbani na kulitia maji ya bahari. Cha pili kilikuwa cha kioo pia, lakini kimezungushiwa tundu la kukilinda, nacho kilizamishwa baharini pasipo na kina kirefu. Cha tatu kilikuwa tundu kubwa la kukaa kilindini, lililoshikwa na nanga. Wengi humhesabu kuwa ndiye mtu wa kwanza kutengeneza tangi la kioo kwa ajili ya kuchunguza viumbe wa majini.

Akawalisha agonauti wake, akawatazama siku baada ya siku. Aliona kwamba watoto wakitoka mayaini hawana kombe, kisha huanza kulijenga wenyewe. Akavunja kipande cha kombe la mkubwa, akamwona mwenyewe akiliziba pengo kwa ile minyiri miwili mipana. Kumbe yale matanga ya Aristotle hayakuwa matanga hata kidogo, bali ndiyo mikono ya fundi, nayo hutoa kitu kama chokaa cha kujengea nyumba. Mimi nadhani haikuwa bure kwamba aliyeitambua kazi ile ni mtu aliyekula jasho la sindano. Mshonaji hutazama mikono kwanza.

Chama cha elimu cha Catania, kiitwacho Accademia Gioenia, kilikuwa kimemkubali kuwa mwanachama, jambo ambalo mwanamke hakupata kutendewa nacho kabla yake. Lakini Paris walikuwa wazito kuamini, na Bwana de Blainville alishikilia neno lake la mwizi. Halafu likaja pigo. Mwaka 1838 Bibi Power alipakia melini masanduku ya makusanyo yake na michoro yake ili yapelekwe London. Meli ilizama, na kazi ya miaka mingi ikaenda chini.

Hata hivyo hakunyamaza. Alikuwa amempelekea Richard Owen, mtaalamu mkuu wa Uingereza, agonauti wa kila ukubwa pamoja na makombe yao, ili aone jinsi nyumba inavyokua sawasawa na mwenye nyumba. Mwaka 1839 Owen aliyaeleza mambo hayo mbele ya Chama cha Elimu ya Wanyama cha London, na mwaka huohuo Bibi Power akatoa kitabu chake. Katika mwaka 1858 Owen aliandika kwamba elimu hii ya matangi ya viumbe wa majini yapasa kuhesabiwa kuwa ya bibi huyu. Pamoja na hayo, sifa nyingi zilikwenda kwa Philip Gosse, Mwingereza, ambaye alilieneza neno akwariamu kwa kitabu chake cha mwaka 1854. Gosse alifanya kazi njema, simpunguzii kitu, lakini alikuja miaka 20 nyuma.

Nimesoma pia kwamba Bibi Power alieleza habari za pweza wa kawaida anayemvizia chaza mkubwa afungue makombe yake mawili, kisha humtia jiwe katikati asiweze kuyafunga, akamla. Vilevile alishauri kwamba mito iliyokwisha samaki itiwe samaki wachanga waliolelewa matunduni.

Kuna jambo moja ambalo matangi yake hayakulitatua, nalo ni kwa nini agonauti hupanda mpaka juu ya maji. Wataalamu wa Australia walitoa jibu mwaka 2010: hujaza hewa ndani ya kombe, akalifunga kwa minyiri, akazama nalo mpaka kina ambacho hewa ile humfanya asizame wala asielee.

Bibi Power na mumewe waliondoka Sicily mwaka 1843, wakawa wakikaa Paris na London kwa zamu. Majira ya baridi ya mwaka 1870 majeshi ya Prussia yalipouzingira mji wa Paris, bibi huyu, sasa mzee wa miaka 76, alikimbilia kijijini kwao Juillac. Akafariki huko Januari 1871.